Mtani Aliponiita Shimoni

Vingunguti, Dar es Salaam
Alhamisi, mvua ikinyesha

Dada yangu mpenzi Nyamizi,

Shikamoo dada. Hujambo wewe na nyumba nzima? Mguu wako ule uliokuwa unavimba umenywea? Na tumbaku mmeuza, au bado imefungwa mitumba ndani inawakohoza? Sie huku tupo. Masika yametukalia shingoni, mie kifua kinapiga filimbi usiku kucha, lakini napumua, namshukuru Mungu.

Tatu mpwa wangu, wewe unayemsomea mama yako, simama hapo kwanza. Najua barua zangu mnavyozisoma. Mnaita majirani, mnatandika mikeka uani, nawe unaiga sauti yangu mpaka watu wanashika mbavu. Si vibaya, mie mwenyewe huwa naandika nikilijua hilo. Ila leo waombe majirani waende makwao, usome kwa sauti yako mwenyewe. Nina jambo nimelisema huku kwa kinywa changu na watu wamecheka. Nataka mtu mmoja alisikie bila kucheka, na mtu huyo ni dada yangu.

Dada, kazi yangu ya chuma chakavu unaijua. Tangu mambo yawe ruksa na bidhaa za nje zijae mjini, taka nazo zimejaa, na pale dampo mie si mtu mdogo. Wengine wanaokota kopo na chupa kama kuku anayedonoa. Mie nanusa. Shaba ikifukiwa chini kina cha mtu na nusu, pua inaniwasha. Msumari ulishawahi kunitoboa unyayo ukatokea juu. Watu wakapiga kelele niende nikachomwe sindano ya pepopunda. Nikauchomoa, nikautia kwenye gunia na wenzake, ukapimwa, nikalipwa. Tajiri wa mizani mpaka leo akiniona anasimama.

Mwenzangu wa kazi alikuwa Kondo, Mzaramo wa Chamazi. Unajua sie na Wazaramo tulivyo watani tangu babu zetu waliposhuka pwani na mizigo kichwani. Basi mie na Kondo tulikuwa tunatukanana asubuhi mpaka jioni, na hakuna siku tuliyogombana. Nikihangaika na chuma kizito, yeye anakaa pembeni:

"Mnyamwezi, si ukitwike kichwani ufike nacho Tabora? Nyie mmezaliwa na kata ya mzigo utosini!"

"Na wewe Mzaramo ukikosa nazi siku mbili unasahau jina la mama yako."

Hakuwahi kuniita jina langu. Mnyamwezi tu. Tukila, ananimegea kipande kikubwa, halafu anasema, "Shika, mpagazi, mzigo bado uko mbele."

Alikuwaga na mchezo mmoja. Jua likikaza anajilaza juu ya taka, macho kayapindua, ulimi nje, anaita: "Mnyamwezi, nakufa! Nibebe!" Basi namtupa mgongoni mpaka kivulini, na tukifika tu anafufuka, anaomba sigara. Akina mama waokota chupa wakawa wanamzomea, "We Kondo, Izraili atakuja kweli akukute umeshajilaza!" Anawajibu, "Akija mwambieni amchukue Mnyamwezi, ndiye mwenye mgongo."

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Chuma kizuri kiko chini, kilichofukiwa miaka ya nyuma, kabla watu hawajajua kwamba kinauzika. Kwa hiyo tunachimba ubavuni mwa kilima cha taka, tunaingia kama panya. Huko ndani kuna joto, dada, kwa sababu taka zinaungua chini kwa chini, na moshi wake ni mchungu, unakaa kooni mpaka chai huisikii ladha. Glovu hatuna, tunavaa soksi mikononi. Pua tunafunga kipande cha khanga. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na kilima kimelowa. Mie nilikuwa nimetoka shimoni, zamu yake ikafika, akaingia. Nikakaa mdomoni pa shimo, nikanunua muhogo wa kuchoma kwa mama mmoja pale.

Nikamsikia anaita. "Mnyamwezi! Nakufa huku! Nivute!"

Nikamjibu, "Kufa upesi nirithi kandambili zako!"

Akina mama wakacheka. Mie nikacheka.

Akaita tena. Safari hii sauti ilikuwa ndogo, kama mtu anayezungumza chini ya blanketi. Akasema, "Maganga."

Dada, aliniita jina langu. Jina ambalo hajawahi kulitamka tangu tufahamiane. Nami nililisikia. Nikajiambia, kha, huyu leo kabadilisha mchezo. Nikamalizia muhogo wangu.

Niliponyanyuka, shimo lilikuwa limejifunga. Miguu yake tu ndiyo ilikuwa nje, na haichezi. Nikaivuta, nikafukua kwa mikono, vigae vya chupa vikapita kwenye soksi mpaka kwenye nyama, sikuvisikia. Watu wakaja na makoleo. Tulipomtoa, kinywa kilikuwa kimejaa majivu. Nikamtupa mgongoni, nikakimbia naye kuelekea zahanati. Nililipita lori la taka lililokuwa linakwenda, na hapa siongezi chumvi, muulize dereva. Njia nzima namwambia, "Haya fufuka, Mzaramo, kivuli kile pale. Fufuka, sigara ninayo." Mganga alimwekea kile chombo cha masikioni kifuani, akakivua, akaniangalia mie.

Tukamzika kwao Chamazi. Na wewe unajua kazi ya mtani msibani. Wazee wakauliza, "Mtani wake yuko wapi? Mbona msiba umepoa hivi?" Wakanisukuma mbele. Nikavaa shati lake la kazi, nikavaa soksi zake mikononi, nikajilaza njiani mbele ya jeneza, nikasema halipiti.

Mjomba wake, mzee mwenye fimbo, akaniuliza, "Unataka nini, Mnyamwezi? Huyu anakudai au unamdai?"

Ulimi wangu ulikuwa na mengi ya kuchekesha, wewe unanijua, huwa sikosi. Lakini kilichotoka ni hiki: "Mie ndiye niliyemuua. Aliniita nimvute, mie nikawa nakula muhogo."

Dada, watu walicheka mpaka wabeba jeneza wakayumba. Mzee yule akafuta machozi kwa kanzu. "Mwongo mkubwa! Mnyamwezi atamuua nani? Labda ambebe mpaka afe kwa kuchoka!" Wakanirushia visenti, wakaniinua kwa kunivuta miguu, jeneza likapita. Wengine wakanipigapiga bega, wananiambia utani kama huo hawajauona siku nyingi.

Nikaona niende kwa mkewe, hukohuko Chamazi. Anaitwa Zuhura, mama wa watu mpole, yuko ndani eda. Nikasubiri hitima ipite, nikaenda Ijumaa, nikakaa barazani, naye yuko nyuma ya pazia la mlango na dada yake mkubwa. Nikasema, "Shemeji, maneno yale ya siku ya maziko sikutania. Aliita kweli. Nikasikia."

Halafu nikasikia kitu nyuma ya pazia, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Anacheka taratibu, huku anavuta kamasi. Akauliza, "Aliitaje, mtani? Hebu iga."

Nikakataa. Nikamwambia, "Shemeji, sitanii." Akacheka zaidi, akasema ndivyo Kondo alivyokuwa akimwambia, kwamba Mnyamwezi wake akitaka kukuua kwa kicheko huanza kwa kuapa kwamba hatanii. Dada yake akachungulia, akaninong'oneza, "Kaka, muigie. Tangu siku ile huyu hajacheka wala hajala cha maana."

Basi nikaigiza. Wewe unajua sauti za watu zilivyonikaa. Nikasema kwa sauti ya Kondo mwenyewe, "Mnyamwezi, nakufa huku, nivute." Na ile ya pili nikaisema pia, ndogo vilevile, "Maganga."

Alicheka, halafu akalia, halafu nikasikia anaomba wali. Walinitolea na mie sahani. Nilikula, dada. Ungefanyaje?

Ijumaa iliyofuata mtu alitumwa kuniita. Nikaenda, nikaigiza tena, akala tena. Anasema nikiisema ile ya pili ni kama Kondo yuko chumba cha pili. Sijui kama anaamini nilichomwambia au haamini, na nimeogopa kuuliza. Nikimshika nikamlazimisha aelewe, namnyang'anya sauti ya mumewe na sahani ya wali kwa pamoja. Nikinyamaza, mzigo naubeba mwenyewe.

Dampo bado naenda, nitakula wapi. Kidole kimoja cha mkono wa kulia kimevimba tangu siku ile na hakikunjiki, mwandiko utauona. Mashimoni siingii tena. Na mtu akiita, hata kwa mzaha, naacha nilichoshika. Vijana wa pale dampo wanafurahi, wananiita makusudi ili wanione ninavyokimbia. Nakimbia.

Sikuombi uniambie kwamba sina kosa, wala usinitumie dawa. Tatu aniandikie neno moja tu kwa niaba yako, kwamba umesikia.

Nisalimie shemeji yangu, mwambie baiskeli yake sijaisahau. Nisalimie mama mdogo, mwenye kisima, na kaka yetu mkubwa fundi wa viatu, na huyo mkewe anayenisema vibaya, naye msalimie. Wapwa zangu wote wabusu vichwani. Mungu awape mvua ya kiasi.

Nafunga hapa. Kesho Ijumaa, napaswa kuwa Chamazi mapema kabla chakula hakijapoa.

Mie mdogo wako,
Maganga