Matete ya Rangi

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Kabla ya salamu, nakusihi: neno lolote la barua hii lisitoke mdomoni mwako, hata kwa jirani. Ukishasoma, ichome.

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi umenipaa.

Ile bustani ya sanamu mtaani kwenu, wale wanawake wa saruji wanaomiminiana maji kwa mitungi, usichote pale. Maji ya mtaro husafishwa na mizizi ya matete yaliyopandwa miguuni mwao. Matete yalikauka kabla ya ufunguzi. Mkuu wetu hapa ofisini, msimamizi wa bustani hiyo, aliogopa kuaibika mbele ya wageni, akaamuru yapakwe rangi ya kijani. Barua ya kuagiza rangi niliichapa mimi. Kokoto zilizo chini ya matete zinayafanya maji yaonekane meupe, lakini uchafu umo. Ameapa atakayesema atamfunga.

Mwanao

21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti bado linalia kama mlango mbovu. Pole na kazi.

Siri yako nimeitunza. Nachota kisimani, kule mbali. Mama Pacha wa mlango wa pili akanitania: "Shangazi, unawakimbia wale mabibi wa saruji? Wamekuzidi uzuri nini?" Tukacheka. Akashika njia ya bustanini na ndoo yake. Nikautazama mgongo wake, nikanyamaza.

Doto wake alianza kuharisha Jumapili. Juzi tumemzika. Kurwa yuko hospitali. Msibani mama yao aliniegemea begani, akiniuliza amekosea wapi, ilhali maji aliyochota ni safi. Leo asubuhi foleni ya ndoo ilikuwa pale pale bustanini.

Nifanyeje, mwanangu? Nikisema, wewe. Nikinyamaza, wao.

Shangazi yako

24 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hali yako sina uso wa kuiuliza.

Isome barua hii kwa sauti mbele ya foleni: matete ya bustani yamekauka yakapakwa rangi, maji hayasafishwi. Wakibisha, wakwaruze tete lolote kwa ukucha. Hospitali nao waambiwe Kurwa alikunywa maji gani. Na Mama Pacha umwambie ni mimi niliyekuziba mdomo.

Funguo za ofisi nimeziacha mezani kwa mkuu. Anayenitaka, awe yeye au polisi, ashuke kituo cha mwisho cha basi, apite nyuma ya kiwanda cha matofali mpaka nyumba yenye geti la bati. Chumba changu ni cha mwisho kushoto. Akiwa ni Mama Pacha, asibishe hodi. Aingie tu.

Mwanao