Bwana Mkungu na Maneno ya Pembeni

15 Juni 2024

Kwa wifi Prudensia, mjumbe, Nkwenda, Kyerwa

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TATU CHA KAMATI YA KUCHAPA UPYA VIBONZO VYA "BWANA MKUNGU", KILICHOFANYIKA JUMAMOSI MCHANA OMURUSHAKA, CHUMBA CHA NYUMA CHA DUKA LA NDUGU DASTAN

WALIOHUDHURIA
Mwl. Kashaija, mwalimu mstaafu, Ndama – Mwenyekiti
Joviana, mjane wa marehemu Egbert – Katibu
Dastan, zamani fundi baiskeli, sasa mwenye duka la vifaa vya shule na fotokopi – Mweka hazina
Eustadia, muuguzi mstaafu, Nyakahanga – Mjumbe
Vero, mwenye nyumba ya wageni, Omurushaka – Mjumbe

ASIYEHUDHURIA KWA TAARIFA
Prudensia, dada wa marehemu (goti)

KUMB. NA. 1/3/2024: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilianza kwa sala iliyoongozwa na Mama Eustadia. Kahawa ya kutafuna ilizungushwa. Mwenyekiti alikumbusha kwamba kazi ya kamati ni moja, kuyaweka matoleo yote ya kibonzo cha marehemu Egbert katika kitabu kimoja kabla hayajaliwa na mchwa. Alisema watoto wa leo hawamjui Bwana Mkungu, yule mtu mwembamba anayepeleka mkungu wa ndizi gulioni kwa baiskeli, na kila toleo hafiki.

KUMB. NA. 2/3/2024: NAKALA YA MFANO
Ndugu Dastan alieleza kwamba wachapaji wa Mwanza wameleta nakala ya mfano. Wajumbe waliipokea kwa furaha na kuipitisha mkono kwa mkono. Baada ya kurasa chache furaha ilipungua. Kurasa zilikuwa nyeupe kabisa. Maneno yote ya pembeni yalikuwa yamefutwa na kijana wa kompyuta, akidhani ni uchafu. Alifuta pia nzi wanaofuata mkungu.

Mama Eustadia alisema, "Nzi warudi. Mkungu usio na nzi umetoka wapi, Ulaya?"

Nzi walikubaliwa bila kupigiwa kura.

Kwa faida ya watakaosoma kumbukumbu hizi baadaye, Katibu anaeleza kuhusu maneno ya pembeni. Zamani nakala zilikuwa chache, na kila moja ilizunguka nyumba nyingi. Marehemu alikuwa akifunga penseli kwenye kila nakala kwa kamba ya mgomba. Aliyesoma aliandika pembeni lolote alilotaka kumwambia Bwana Mkungu. Nakala ikirudi, marehemu aliketi jikoni akasoma yote, wakati mwingine akicheka mpaka chai ikapoa, ndipo akachora toleo linalofuata na kuwajibu watu humo. Alikuwa akisema salamu huitikiwa.

KUMB. NA. 3/3/2024: MANENO YABAKI AU YAFUTWE
Ndugu Dastan alieleza kwamba wachapaji wanataka jibu Jumatatu. Kama maneno ya pembeni yanatakiwa, itabidi kurasa zipigwe picha upya. Wakishaanza kuchapa, hakuna kurudi nyuma.

Mwenyekiti alitoa maoni kwamba maneno yafutwe. Alisema kitabu kitakwenda shuleni, na kitabu si ukuta wa stendi.

Mama Eustadia alimwomba radhi Mwenyekiti, kisha akafungua nakala ya zamani ya toleo la nne. Pembeni palikuwa na maandishi ya wino mwekundu. Aliyasoma kwa sauti: "Ng'ombe huyu ana miguu mitano. 4/10." Aliuliza ni nani katika wilaya hii aliyekuwa akitembea na kalamu nyekundu hata siku ya Jumapili.

Mwenyekiti alijibu kwamba ng'ombe alikuwa na miguu mitano kweli.

Ndugu Dastan alifungua toleo la tano. Humo Bwana Mkungu amempanda ng'ombe wa miguu mitano, baiskeli iko kichwani, naye anasema, "Mwalimu akipita, mwambieni huyu ana wa akiba." Mwenyekiti alicheka hadi akavua miwani. Alisema picha hiyo aliikata akaibandika ofisini kwake na ilikaa hapo mpaka alipostaafu. Mama Eustadia alisema, "Basi bila ile nne yako, Mwalimu, mtoto atajuaje huyo ng'ombe katoka wapi?" Mwenyekiti alisema hoja imesikika.

Vero aliomba kwamba, kama maneno yatabaki, yale ya toleo la saba yaondolewe. Alipoulizwa ni yapi alisema ni yale tu. Ndugu Dastan aliyasoma: "Bwana Mkungu, muache huyo mkeo mwenye kelele. Mimi nipo. Wako Vero, darasa la saba." Katika toleo la nane Bwana Mkungu yuko juu ya mti amejificha, na chini anapita msichana mwenye sare za shule.

Vero alisema, "Mimi sasa ni mwenyekiti wa kwaya. Mume wangu ananunua kila kitu kinachochapwa." Alipendekeza jina lifunikwe. Mama Eustadia alisema, "Mwanangu, mwandiko wako unajulikana mpaka Bukoba. Kadi za harusi zote unaandika wewe." Vero alisema basi wafunike na mwandiko. Jambo hili liliahirishwa kwa sababu ya kicheko.

KUMB. NA. 4/3/2024: TOLEO LA MWISHO
Kabla ya kura Katibu aliomba kusema. Alieleza kwamba yeye yuko upande wa kufuta.

Wajumbe walishangaa. Ndugu Dastan alisema, "Shemeji, wewe? Hayo maneno si ndiyo yalikuwa yanamchekesha Egbert?"

Katibu alieleza kwamba ni kweli. Lakini toleo la mwisho marehemu alilichora mwaka jana akiwa kitandani, na alifariki kabla halijatolewa nakala. Halikuzunguka kwa mtu yeyote. Maneno ya majirani yakibaki kwenye matoleo mengine, hili peke yake litakuwa jeupe. Litaonekana kama msiba usio na watu. Alisema ni afadhali yote yafanane, yawe meupe yote.

Basi la Bukoba lilipiga honi barabarani na hakuna aliyegeuka.

Mwenyekiti aliuliza toleo hilo liko wapi. Katibu alilitoa kwenye mkoba, likiwa limefungwa kwenye kitenge. Mwenyekiti alivaa miwani akalisoma kwa sauti, kila mchoro kwa zamu yake. Bwana Mkungu anafika gulioni. Gulio lilikuwa jana. Anageuka, na njiani kila anayemkuta anamkatia chana: mgonjwa, mwalimu, fundi baiskeli, msichana mwenye sare ambaye sasa ana mtoto mgongoni. Anafika nyumbani baiskeli ikiwa tupu. Mke anauliza, "Umeuza?" Naye anajibu, "Nimemaliza."

Mama Eustadia alifuta macho, kisha akaanza kucheka, na wengine wakafuata.

Mwenyekiti alimtaka Ndugu Dastan alete penseli. Alisema toleo hili halijazunguka, basi lizunguke sasa, na kikao hakitafungwa mpaka limezunguka. Ndugu Dastan alileta penseli, na Vero akatoka nyuma ya nyumba akarudi na kamba ya mgomba.

Mwenyekiti aliandika: "Gulio lilikuwa jana, kalenda ilikuwa wapi? 9/10." Alipoulizwa moja imekwenda wapi, alisema Egbert angepewa kumi angeshuku kuna kosa.

Mama Eustadia aliandika: "Umekonda sana. Chana moja ungeacha ya kwako."

Ndugu Dastan aliandika: "Baiskeli niletee, breki imelegea."

Vero alifikiri kwa muda mrefu kuliko wote. Aliandika: "Shuka mtini, nimeshaolewa. Wako Vero." Jina aliliandika kwa herufi kubwa, na akaliondoa ombi lake la toleo la saba.

Penseli ilifika kwa Katibu. Karibu na yule mke aliyesimama mlangoni aliandika: "Karibu. Ndizi ziko jikoni bado za moto."

KUMB. NA. 5/3/2024: UAMUZI
Ilikubaliwa na wote, Katibu akiwemo, kwamba maneno ya pembeni yabaki katika matoleo yote, na nzi warudishwe. Ndugu Dastan atapiga picha kurasa zote upya na kuwajibu wachapaji Jumatatu.

KUMB. NA. 6/3/2024: MENGINEYO
Mama Eustadia alikumbusha kwamba dada wa marehemu hajaandika. Iliamuliwa kwamba toleo la mwisho lipelekwe Nkwenda kesho na Vero, anayekwenda huko kwa mambo ya kwaya, na lirudi naye jioni. Upande wa kushoto wa mchoro wa gulioni umeachwa wazi.

Hapakuwa na jambo lingine. Wajumbe walitawanyika saa kumi na nusu wakiwa bado wanabishana kuhusu yule ng'ombe.

………………………
Mwl. Kashaija
Mwenyekiti

………………………
Joviana
Katibu

Wifi, nafasi yako ni ndogo lakini inatosha. Andika lolote, hata la kumgombeza, alizoea. Penseli usiikate kwenye kamba. Na jioni ukisali kwa ajili yake, nami unikumbuke.