Filimu Iliyobaki Nusu

Mjukuu wangu Furaha,

Hapa kambini Rubondo tuko wazima. Maharagwe yameanza kutoa maua, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kiume. Umeuliza kwa nini baba yako hataki hata kuishika ile kamera ya zamani uliyonunua huko. Kwa simu naona haya, ndiyo maana naandika.

Unajua nilikuwa mpiga foto. Mbarara ni mbali, kwa hiyo filimu hatukuwa tukiipeleka kusafishwa mpaka iishe. Koko yako, mke wangu, alipozidiwa na ugonjwa nilimkalisha mlangoni, nikazungusha lenzi polepole mpaka nikaona kope zake moja moja. Akanitania, "Mzee, piga basi! Ama unangoja nizeeke?" Nikapiga. Wiki ileile akafariki, na filimu ilikuwa bado nusu.

Baba yako alifika kutoka Kampala tumeshazika. Alizoea kamera za siku hizi, zenye kioo nyuma. "Papa, nionyeshe Mama," akasema, na kabla sijajibu akafungua mgongo wa kamera. Jua likaingia kwenye filimu ambayo haijasafishwa, likaila foto yote.

"Iko fasi gani?" akauliza.

"Ilikuwa hapo," nikamjibu.

Hatujaizungumza tena. Sijamsamehe vizuri, na yeye anajua.

Wewe usingoje filimu iishe yenyewe. Ukishampiga foto mtu unayempenda, zilizobaki piga hata kuku, kesho yake uipeleke.

Ni mimi babu yako.