Mama kijacho wa ofisini

Shoga, ngoja nikupe ya leo!

Yule fundi wetu wa mtandao kanipigia makofi mbele ya ofisi nzima: “Hongera, mama kijacho!” Mama kijacho! Hata mume wangu sijamwambia. Nilitafuta kliniki ya wajawazito kwenye kompyuta ya kazini tu, basi.

Nikamuuliza, “Kumbe unasoma tunayofungua?” Anacheka!

Haya. Si ndiye alijigamba kwenye semina kuwa mtambo wake unaandika kila anayechungulia mambo ya mwenzake? Nikaenda kwa bosi, nikamwomba afungue orodha hiyo.

Mimi, fundi kanichungulia mara tisa.

Bosi mwenyewe kamchungulia mara arobaini.

Bosi kavua miwani taratibu. “Niitie huyo fundi.”

Nimemwita kwa sauti tamu, shoga, watu wote wasikie: “Hongera, unaitwa.”