Kiti Kilichopimwa kwa Macho

Wewe, leo nimeumbuka!

Si ile baiskeli ya kizamani niliyoiunda mwenyewe? Nimekwenda nayo ukweni. Kiti nimekipandisha kilingane na usukani, maana kikishuka inafanana na punda mgonjwa.

Nafika mlangoni, nafunga breki, nanyoosha mguu. Ardhi haipo. HAIPO!

Nikamdaka baba mkwe aliyetoka kunipokea. Tukaanguka wote kwenye kamba ya nguo.

Mzee kainuka na sidiria ya mama mkwe begani, kaniuliza taratibu: "Fundi, si wewe uliyenifundisha kiti hupimwa kisigino kikiwa kwenye pedali, mguu umenyooka?"

"Ni mimi, baba."

"Na chako umekipimaje?"

"Kwa macho."

Kwa macho! Mbele ya mchumba wangu!

Kachukua spana, kakishusha mwenyewe. Nimerudi juu ya punda mgonjwa.

Na ilivyo raha kuiendesha, usimwambie mtu.