Nyani wa Mwambani na Shamba la Dada Anastazia

Misigiri,
Jumatano.

Kwako dada yangu mpendwa Anastazia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu wote hapo Unyambwa. Goti lako linasemaje na upepo huu wa baridi? Sisi huku tupo. Mke wangu Felista anakusalimu, ingawa tangu jana ananiita kwa majina yangu yote mawili kama karani wa mahakama, kwa hiyo hali ya nyumbani unaielewa. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatisha, na haya nikikatishwa sitayamaliza. Jirani yetu Yasinta anakuja Singida kesho, ndiye nimempa bahasha.

Dada, uliniachia shamba lako la alizeti nililinde mpaka livunwe, ukasema hilo ndilo paa la nyumba yako. Nilipokupigia kwamba nyani wamelimaliza, nilikusikia unalia. Baadaye ukasikia tumewafanyia msako, ukasema utatuma mbuzi wa kunishukuru mimi na wenzangu. Kabla huyo mbuzi hajafungwa kamba, nisome mpaka mwisho.

Kwanza ujue kwamba wale nyani wanacheza. Sisemi kurukaruka kama ndama aliyeshiba. Nasema mchezo wenye utaratibu wake, na mtu pekee katika Iramba nzima aliyeuona tangu mwanzo hadi mwisho ni mimi mdogo wako, niliyeishia darasa la tano. Jua likishapanda wanashuka kwenye ule mwamba ulio juu ya shamba lako. Wadogo wanagawanyika pande mbili. Hawa wanashika jiwe la juu, wale wanapanda kuwashusha. Aliyeshushwa anazunguka kwa nyuma anapanda tena. Dume zee lenye sikio lililochanika linakaa kando, ndiye refa: anayeng'ata kwa hasira analambwa kofi, anakwenda kununa peke yake. Mama zao wanatazama huku wakichambuana chawa. Kilabuni niliongeza kwamba wana wachezaji wa akiba, na kwamba siku moja refa alinigeukia kuniuliza kama ile ilikuwa faulo. Hapo nilitia chumvi, nakubali, lakini nyama yenyewe ilikuwepo. Jirani yangu Melkiori aliniuliza mbele ya watu kama tiketi za mechi zinauzwa kwangu. Felista naye akasema afadhali hao nyani, wana shughuli ya asubuhi inayojulikana.

Shamba lilipoharibika, mwenyekiti wa kitongoji akaita mkutano. Melkiori akasimama akasema nyani wa mwambani anawajua toka utoto, kwamba nyani anavunja kichwa hiki na kile cha alizeti, hakanyagi shamba zima hadi shina. Tena akasema saa zile za asubuhi wao hucheza tu, na shahidi yupo, ni Zefania. Watu wote wakanigeukia. Dada, sijawahi kutazamwa vile. Nikasimama. Nikawaambia kwamba nimewachunguza wiki tatu na ule si mchezo kamwe, ni mazoezi ya vita. Wanaoshika jiwe wanajifunza kulinda, wanaopanda wanajifunza kuvamia, na lile dume ni kamanda wao. Nikasema wakimaliza alizeti watahamia kwenye mbuzi, na baada ya mbuzi ni watoto wenu. Maisha yangu yote nikisema kweli yenye chumvi wananicheka. Siku ile hakucheka mtu.

Jumamosi iliyopita asubuhi tuliuzunguka mwamba, wanaume kama hamsini, na mikuki, mishale, marungu na mbwa. Mimi mbele. Tuliwakuta katikati ya mchezo. Mbwa wa Kefa, mwenzetu wa kitongojini, ndiye aliyefika wa kwanza, na hapo nikaona jambo ambalo silali kwa ajili yake. Kinyani kimoja kilimkimbilia yule mbwa, kikamgusa mkia, kikarudi nyuma kikainama, vile vile kinavyofanya kikitaka mwenzake akifukuze. Mbwa akakidaka shingoni, akakitikisa mara mbili, kikalegea.

Hapo mwamba ukawa machinjio. Wale wa jiwe la juu hawakukimbia, walidhani kushika jiwe kutawasaidia. Watu wakawatungua kwa mawe na mishale, wakidondoka wanapokelewa na rungu. Mama mmoja alichomwa mkuki akiwa na mtoto aliyemshikilia tumboni, mtoto akabaki amening'inia kwenye manyoya yenye damu mpaka mtu akampiga teke. Lile dume halikutoroka. Lilimrukia mbwa wa Kefa likampasua tumbo, matumbo yakaburuzika juu ya jiwe. Kefa alipokwenda kumnusuru, likamshika mkono. Nilisikia mfupa ukilia. Nikalichoma mkuki chini ya kwapa, nikachoma tena, likang'ang'ania mkono wa mtu huku likinitazama mimi. Pigo la tatu ndipo likaachia. Tulirudi kijijini tukiimbiwa, jina langu ndilo la kiitikio. Kwenye simu nilikwambia tumeua arobaini.

Hawakuwa arobaini, dada. Walikuwa kumi na mmoja, na saba kati yao ni watoto.

Na shamba lako hawakuligusa. Lililiwa na ng'ombe wangu mwenyewe, wale maksai wawili na mitamba. Asubuhi ile niliwaacha wakila majani pembeni nikapanda kwenye lindo, na badala ya kutazama alizeti nikatazama mchezo. Siku hiyo ulikuwa mtamu. Wa chini waliteka jiwe, nikashangilia peke yangu kama mwehu, nikapiga makofi. Nilipogeuka ng'ombe walikuwa wamefika katikati na hakuna kilichosimama. Nikawatoa. Nikavuta tawi nikafuta kwato zote na kuzoa mavi. Halafu nikabeba vichwa vya alizeti nikavidondosha kimoja kimoja mpaka mwambani, ili wenye macho waone wezi walikopita.

Kefa bado yuko hospitali, vidole viwili havipo, na kila nikienda kumwona ananishukuru kwa kumwokoa. Jumamosi hii kitongoji cha pili kinataka msako wa kundi jingine la nyani, na wamenichagua mimi kuwaongoza kwa kuwa ndiye mjuzi wa vita vya nyani.

Mbuzi usimtume. Wale maksai ni wako, nitawaswaga mwenyewe mpaka Unyambwa, hata kama ni siku tatu za miguu. Felista nimemwambia jana, ndiyo maana ya hayo majina mawili. Wewe nakuandikia leo ili Jumamosi mdomo wangu usipate pa kukimbilia, maana nikishalisema kwako siwezi kwenda kusema jingine mkutanoni kabla ya msako. Nitasimama mbele ya Melkiori na ndugu zake Kefa na wote walioniimba, niwaambie ng'ombe ni wangu. Wakicheka, kuchekwa nimezoea. Ninachoogopa ni wakinyamaza.

Wasalimie shemeji na wapwa zangu, kila mmoja kwa jina lake. Goti ulikande kwa maji ya moto. Ukishasoma usinipigie simu kwanza, ngoja Jumamosi ipite.

Ni mimi mdogo wako,
Zefania.