Mahindi Mawili ya Bibi Yako

Mke wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea. Hapa Mwazye tu wazima, ila bibi yako amenuna kwa kuwa nakuandikia wewe. Na huyo kijana aliyekuoa mwambie wivu wangu kwake haujapoa.

Unasema mwenzako wa kliniki ya kupandikiza mimba katolewa mayai ya uzazi kumi na manne, wewe manne, na daktari kasema mawili tu ndiyo yamekomaa. "Babu, yatatosha?" Kumbe mimi wa darasa la nne ndiye naulizwa! Umejua pa kuuliza.

Soko huria lilipoanza, malori ya watu binafsi yalikuja kununua mahindi, kila mtu akataka kulima zaidi. Jirani yetu Kristofa akaning'iniza mahindi ya mbegu juu ya meko, mstari mzima. Wivu ukanikaba. Nikavuna yangu yangali na maziwa, nikaning'iniza mistari mitatu, nikamwita aone.

"Umetisha, bwana," akasema huku akicheka.

Mvua ikanyesha, tukapanda. Mbegu zangu zikaozea ardhini. Zilizoota ni za mahindi mawili tu, yale bibi yako aliyoyaacha shambani mpaka yakakauka. Nami nilikuwa nimemcheka!

Ya tumboni siyajui, daktari ndiye ajuaye. Ila ya mwenzako usiyahesabu. Mtoto akija, nitamwonea wivu kuliko mumeo, maana utampakata yeye nikitazama. Nipe huo wivu, mke wangu.

Mumeo wa kwanza,
Babu